Umeme Mdogo, Soketi ya Moto, Breka Inayoanguka: Kutafuta Hitilafu kwa Volti, Ampea na Omu

Kabla hujabandua soketi ukutani au kumrudishia muuza duka birika lake, geuza birika na usome kibandiko kilicho chini. Tuseme kimeandikwa 230 V, 2000 W, yaani volti 230 na wati 2000. Namba hizo mbili zinatosha kukuambia birika zima linapaswa kuwa na tabia gani. Gawa 2000 kwa 230, unapata ampea 8.7: huo ndio mkondo litakaovuta. Gawa 230 kwa 8.7, unapata omu 26.4: huo ndio ukinzani utakaousoma kwenye mita likiwa limechomolewa na swichi yake imewashwa. Kifaa kikikupa namba zilizo mbali na hizo, kina ubovu. Kikikupa namba hizo hizo na bado kazi haiendi, kiache kifaa, utafute kwenye waya.

Hesabu zinazohitajika ni nne tu, na mbili za mwisho zinazaliwa na mbili za kwanza:

volti = ampea × omu
wati = volti × ampea
wati = volti × volti ÷ omu
wati = ampea × ampea × omu

Ya kwanza ni ya Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. Ya nne, inayohusu joto linalozaliwa ndani ya waya, ilipimwa na Mwingereza James Prescott Joule, aliyeitangaza mwaka 1841. Hiyo ya nne ndiyo ya kuishika sana, maana ndiyo inayounguza nyumba.

Kifaa cha kazi ni multimita ya kawaida, ikibidi na mita ya koleo ya kupimia mkondo. Omu hupimwa umeme ukiwa umezimwa na kifaa kimechomolewa. Ampea za umeme wa nyumbani pima kwa mita ya koleo, ukibana waya mmoja peke yake. Ukibana laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) pamoja utasoma sifuri na kudhani kifaa hakifanyi kazi. Tundu la 10A la multimita liache kabisa: ukisahau waya wa mita humo kisha ukagusa laivu na nyutro, umetengeneza shoti mkononi mwako. Na popote maelezo haya yanapotaka kifuniko cha mein swichi kifunguliwe, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni (hutolewa na mamlaka ya nishati: Tanzania EWURA, Kenya EPRA). Wewe msimamie, na umwulize namba.

Birika linachelewa, taa zinafifia kila likiwashwa

Hapa ndipo watu hudanganywa zaidi na mita. Fundi anakuja, anapima soketi, anasoma volti 230, anasema umeme upo mzima, anaondoka na nauli yake. Soketi tupu haina mkondo, na pasipo mkondo hakuna volteji inayopotea njiani, hata kama kiungo kimeoza. Pima kazi ikiendelea. Chomeka birika kwenye tundu moja la soketi pacha, liwashe, kisha pima tundu la pili.

Tuseme soketi tupu ilisoma 230, na birika likiwaka inasoma 195. Birika lina omu 26.4, kwa hiyo sasa linavuta 195 ÷ 26.4, yaani ampea 7.4. Wati zake ni 195 × 7.4, kama 1440. Lile la wati 2000 lingechemsha lita moja na nusu ya maji ya kawaida kwa dakika 4 hivi. Hili litachukua dakika 5 na nusu. Kwa hiyo malalamiko ya mama wa nyumba ni ya kweli, na birika halina kosa.

Volti 35 zimekwenda wapi? Zimebaki njiani. Gawa 35 kwa 7.4: njia ina omu 4.7. Je, waya wenyewe unaweza kuwa na omu zote hizo? Shaba ya milimita za mraba 2.5 ina takribani omu 0.007 kwa kila mita. Ikiwa soketi iko mita 20 kutoka mein swichi, kwenda na kurudi ni mita 40, yaani omu 0.28 tu. Kwa hiyo omu zaidi ya 4 haziko kwenye waya. Ziko kwenye kiungo: skrubu iliyolegea, nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni, au shaba iliyoungwa na aluminiamu bila kiunganishi chake, mpaka kutu ikaingia.

Na usiishie kwenye volti. Zidisha 35 kwa 7.4, unapata wati 259. Hizo ni zaidi ya balbu mbili za zamani za wati 100, zinawaka ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali pamoja, mnapopika chai. Ukifika namba hiyo, usiendelee kulitumia birika hilo "mpaka mwisho wa mwezi".

Kinachofuata ni kujua upande. Birika likiwa linaendelea kuwaka, fundi apime volteji kwenye mein swichi. Ikiwa na hapo imeshuka hadi 195 au karibu, hitilafu iko kabla ya mein swichi: kwenye mita, kwenye waya unaotoka nguzoni, au kwenye kiungo cha nguzoni chenyewe. Piga simu dawati la dharura la shirika la umeme na uwape namba zote mbili, bila kazi na ikiwa na kazi. Ukisema "umeme mdogo" tu utasubiri. Ikiwa mein swichi imebaki 228, zile volti 33 zinapotea ndani ya nyumba yako. Hapo fundi agawe njia katikati: apime kwenye boksi la kuunganishia lililo nusu ya safari, kisha nusu ya nusu iliyobaki. Kiungo kibovu hakichukui muda kujitaja, na mara nyingi plastiki yake imeshabadilika rangi.

Kuna sura ya pili ya umeme mdogo. Nyumba nzima umezima, hakuna kinachowaka, na soketi bado inasoma 190. Hapo viungo vyako havina habari. Ni laini ya mtaa imeelemewa, au transfoma iko mbali. Ila angalia jinsi joto linavyoadhibiwa: 190 × 190 ÷ 26.4 ni wati 1367. Volteji imepungua kwa asilimia 17, joto limepungua kwa asilimia 32, kwa sababu volti zinajizidisha zenyewe. Ndiyo maana pasi inakuwa vuguvugu wakati televisheni haijashtuka hata kidogo.

Sura ya tatu ni ya hatari, na ni ya majengo yenye fezi tatu (laivu tatu zinazotumia nyutro moja): baadhi ya taa zinafifia na nyingine zinang'aa kupita kiasi kwa wakati mmoja. Zima mein swichi kwanza, maswali baadaye. Nyutro imekatika. Vifaa vya fezi mbili tofauti sasa vimefungwa mstari mmoja kati ya volti 400. Chukua birika lako la omu 26.4 kwenye fezi moja na balbu ya nyuzi ya wati 100 ya mpangaji mwenzako (omu 529) kwenye nyingine. Jumla ni omu 555, mkondo ni ampea 0.72. Birika linaambulia volti 19, na ile balbu inapigwa na volti 381. Badala ya balbu, weka friji ya jirani, utaelewa kwa nini jengo zima huamka na vifaa vilivyoungua.

Plagi au soketi inapata moto, lakini kifaa kinafanya kazi vizuri

Hili ndilo tatizo ambalo voltimita haikusaidii sana, na ndilo linalopuuzwa. Chukua kiungo chenye omu nusu tu, mfano pini ya plagi iliyokaa kwenye soketi ambayo springi zake zimechoka. Birika linavuta ampea 8.5. Volteji inayopotea ni 8.5 × 0.5, volti 4 na kitu. Hakuna atakayegundua volti 4. Lakini joto ni 8.5 × 8.5 × 0.5, yaani wati 36, na lote linatoka sehemu ndogo kuliko punje ya mahindi. Plastiki inaanza kunuka, pini inapata rangi ya kahawia, shaba inashika utando mweusi, utando unaongeza omu, omu zinaongeza joto. Baada ya muda shimo la soketi limepanuka na kiungo kimekuwa kibaya zaidi.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo. Inavuta ampea 0.1 hivi: 0.1 × 0.1 × 0.5 ni wati 0.005. Baridi kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona simu inachaji hapo vizuri", hajathibitisha chochote.

Dawa ni kubadilisha vyote viwili, soketi na plagi. Ukiweka soketi mpya na kuendelea na plagi yenye pini nyeusi, umeihamishia soketi mpya ugonjwa. Kusugua pini kwa msasa ni kupoteza muda, maana springi iliyopashwa moto imeshapoteza nguvu ya kubana. Kama joto liko kwenye mwili wa plagi yenyewe, ifungue uangalie fyuzi inavyokaa kwenye vishikio vyake na skrubu zinazobana waya. Mara nyingi utakuta nyuzi nusu zimekatwa wakati wa kumenya waya, na zilizobaki ndizo zinabeba mzigo wote.

Ekstensheni ina kesi yake. Nyingi za bei rahisi zimeandikwa 13A na ndani zina waya wa milimita za mraba 0.75, wenye omu kama 0.023 kwa mita. Mita 50 za ekstensheni hiyo ni mita 100 za shaba, kwenda na kurudi: omu 2.3. Birika likichomekwa mwisho wake, jumla inakuwa omu 28.7, mkondo ampea 8, na joto ndani ya waya ni 8 × 8 × 2.3, kama wati 147. Ukiwa umetandazwa sakafuni hautahisi. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kwenda, na mipira ya waya inashikana. Mimi ekstensheni isiyoandikwa unene wa waya siichukui, hata ikishushwa bei mara mbili.

Breka inaanguka

Uliza inaanguka lini. Ikianguka papo hapo unapowasha, ni shoti: mita ikisoma omu chini ya 1 kati ya laivu na nyutro ya kifaa cha joto, usirudishe tena breka. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, ni mzigo. Ikianguka ile yenye kitufe cha kujaribia, inayolinda watu, ni mvujo, yaani umeme unatorokea kwenye bati au ardhini.

Mzigo unaoongoza kwa kesi ni hita ya kuogea ya papo kwa papo. Chukua ya 220 V, 5500 W. Kwa volti 220 ni ampea 25, na ukinzani wake omu 8.8. Lakini Tanzania umeme ni wa volti 230: 230 ÷ 8.8 ni ampea 26.1, wati 6011. Kenya, kwenye 240, ni ampea 27.3 na wati 6545. Ukiifunga kwenye breka ya 20A, utaoga dakika chache, maji yataingia baridi kichwani ukiwa na sabuni. Kosa linalofuata ndilo baya: fundi anatoa breka ya 20 anaweka ya 32, na waya wa 2.5 unabaki pale pale. Breka imenyamaza, waya ndio unaochemka sasa. Hita hiyo inataka laini yake peke yake, waya wa milimita za mraba 4 au 6 kutegemea urefu na jinsi ulivyolazwa, kisha ndipo breka ya 32.

Kwa mvujo, hesabu ni hii. Kifaa cha kulinda watu hukata mkondo ukivuja milliampea 30. Gawa 230 kwa 0.030: kama omu 7,700. Pima kati ya pini za umeme na bati la birika au hita. Ukisoma chini ya omu hizo, umempata. Ukisoma juu zaidi, usimwachie huru bado. Multimita hupima kwa betri ndogo, na unyevu ulioingia ndani ya bomba la hita hujificha mpaka usukumwe na volti mia kadhaa. Fundi ana mita ya kupima insulesheni (kinga inayozuia umeme kutoroka) kwa volti 500, na kifaa kizima huonyesha megaomu, yaani mamilioni ya omu.

Mtu anayesema "hita inanipiga shoti kidogo nikiigusa lakini breka haianguki" anahitaji hesabu nyingine. Ethi (fimbo ya kupeleka umeme ardhini) iliyochomekwa kwenye udongo mkavu inaweza kuwa na omu 100. Laivu ikigusa bati, mkondo unaoingia ardhini ni 230 ÷ 100, ampea 2.3. Breka ya 20A haitambui ampea 2.3, kwake ni mzigo mdogo tu. Bati litabaki na umeme siku nzima. Hapo dawa ni kile kifaa cha milliampea 30 pamoja na ethi iliyorekebishwa. Ndala mguuni si dawa.

Jiko la koili linakatika kila ukiliunga

Koili ya wati 1000 ina omu 52.9. Imekatika, ukakata kipande kilichoungua, ukavuta ncha mbili ukazisokota. Tuseme imepungua moja ya tano: sasa ni omu 42.3. Gawa 230 × 230 kwa hizo, unapata wati 1250. Wengi hufikiri koili fupi inavuta umeme kidogo, ni kinyume. Waya mfupi zaidi unabeba joto kubwa zaidi, unang'aa mpaka wa chungwa mkali, na utakatika tena karibu na pale uliposokota, kwa sababu zilezile za plagi hapo juu. Nunua koili mpya.

Mita inasoma omu zisizolingana na kibandiko

Si kila tofauti ni ubovu. Balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa hesabu ni omu 882, lakini ikiwa baridi mita itasoma 60 au 70 tu. Nyuzi yake ni tangsteni, na ukinzani wake hupanda mara kumi na zaidi ikiwaka. Koili za birika, pasi na jiko ni za nikromu, ambayo haibadiliki sana, ndiyo maana hesabu zetu zinakaa.

Mota nazo zina mambo yao. Pampu inayovuta ampea 5 inaweza kusoma omu 4 kwenye nyaya zake. Ukigawa 230 kwa 4 utapata ampea 57 na kudhani imekufa. Haijafa: ikizunguka, sumaku yake yenyewe inausukuma umeme nyuma, na omu za waya ni sehemu ndogo ya kinachozuia mkondo. Lakini ikivuma bila kuzunguka, mkondo hupanda mara kadhaa. Zima haraka, angalia kapasita, na pima volteji ikiwa inajaribu kuanza. Umeme mdogo huipunguzia birika joto, ila mota huiongezea. Balbu za LED, chaja na televisheni usizipime omu kabisa, namba utakayopata haina maana.

Uniti za LUKU zinakwisha haraka

Mita yako ya LUKU (ya kulipia kabla) ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa mfano 1000 imp/kWh, yaani pepeso 1000 kwa kila uniti. Zima vyote, acha kimoja, hesabu sekunde kati ya pepeso moja na lingine. Kwa mita ya 1000, gawa 3600 kwa sekunde hizo, jibu ni wati. Sekunde 12 ni wati 300. Sekunde 24 ni wati 150. Kama mita imeandikwa namba nyingine, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha kwa sekunde.

Friji ipime kompresa ikiwa inavuma, na usizidishe kwa saa 24, maana hupumzika. Umezima kila kitu na taa bado inapepesa? Zima breka moja moja mpaka inyamaze; laini iliyoinyamazisha ina mvujo, au ina kifaa usichokijua, kama taa ya uani au banda la jirani.

Sola: inveta inalia ingawa betri imejaa

Betri inasoma 12.6, umewasha televisheni ya wati 100, inveta (kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230) inapiga kelele na kuzima. Wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8.3. Kama inveta iko sebuleni, mita 10 kutoka kwenye betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5 wenye omu 0.0115 kwa mita, kwenda na kurudi ni omu 0.23. Zidisha kwa 8.3: volti 1.9 zimebaki njiani. Inveta inaona 10.7, na nyingi hukata karibu na 10.5. Betri ikishuka kidogo tu, giza.

Wati hizo hizo 100 kwa volti 230 ni ampea 0.43, na kwenye waya ule ule hupoteza volti 0.1. Kwa hiyo isogeze inveta ikae ubavuni mwa betri, waya wa volti 12 uwe mnene na mfupi usiozidi mita moja au mbili, wenye fyuzi karibu na ncha ya betri, halafu zile mita 10 zivuke kwa volti 230.